Mwenye Mali Huja Mwenyewe

Karakanani, 3 Juni

Mwanangu Ratili,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima. Goti tu ndilo linalolalamika, na kwa kuwa goti halijawahi kushika nyundo hata siku moja, silisikilizi.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke mistari ikipanda mlima. Shule nilikaa miaka miwili na nusu, na hiyo nusu mwalimu alikuwa mgonjwa. Simu uliyoninunulia imo kwenye droo, imezimwa, imetulia. Simu humkata mtu katikati ya neno, barua hainikati.

Kwanza niandike tulivyopatana, usije ukasema babako kasahau. Niende kwenye hiyo mikutano ya wafanyabiashara ya kujuana, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nikipata wateja wapya watano wa kudumu, wa kuniletea mizani zao kila miezi mitatu nizikague, wewe utatia sahihi ya udhamini kwa mwenye jengo, nami nibaki na karakana yangu. Ikifika tarehe thelathini Septemba sijawapata, nafunga, nagawa vyombo, nakuja kukaa kwako kwenye chumba cha nyuma nihesabu vigae. Ndivyo? Ndivyo.

Sasa sikia. Mkutano wa kwanza nimeuteka.

Ukumbi uko juu ya duka la vioo, ngazi ishirini na mbili, nimezihesabu kwa goti. Mlangoni kuna binti mwenye kalamu nene, anambandika kila mtu karatasi kifuani kama gunia linalosafirishwa. "Jina lako, mzee?" Nikamwambia andika Fundi Mizani. "Na kampuni?" Nikamwambia kampuni ndiyo hii inayoongea nawe.

Ndani, mwanangu, ni vituko. Kila mtu kashika kikombe mkono huu na vikadi mkono ule, anakusalimia wewe huku macho yake yako kwa mtu aliye nyuma yako. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi vibaya vyote vilikuwa vinatembea mle ukumbini kwa viatu vilivyopakwa rangi. Mimi nikasimama mahali pamoja, karibu na birika, nikawasimulia habari ya ile mizani ya stesheni, ile ya magunia, iliyowakimbiza mafundi watatu nami nikaitibu kwa msumari na mate. Nilipoanza walikuwa watu wanane. Nilipomaliza alikuwa mmoja, lakini wale saba nadhani walikwenda kuwaita wenzao wakapotea njia.

Palikuwa na mama mmoja mwoka mikate, kaweka mikate yake mezani watu waonje. Mkate wa nusu kilo, ndivyo alivyosema. Nikaunyanyua kwa mkono wangu wa kulia, huu unaoujua. Nikasema kwa sauti, maana ukweli haunong'onezwi: "Mama, mkate huu una upungufu wa gramu thelathini. Mizani yako inaumwa." Watu wakageuka. Yeye akaniuliza, "Mzee, una hakika?" Nikamwambia mkono huu una miaka hamsini kazini, wake una mingapi? Akacheka, lakini kwa meno tu.

Nimerudi na kadi thelathini na moja. Thelathini na moja, Ratili! Andaa kalamu yako ya sahihi.

Ile mizani ya marehemu mama yako, bado unaiwekea vitunguu? Mshale wake ulikuwa umekwama mara ya mwisho nilipokuja. Juu ya mizani ile ndipo ulipopimwa siku ya tatu ya maisha yako, ratili tano na nusu, ukilia kama bawaba kavu. Usiifanye kapu.

Mimi babako,
Fundi Mizani


10 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa wajukuu zako, na mdogo anauliza kama mate yanatengeneza pia baiskeli.

Nimefurahi ulikwenda. Hilo peke yake sikulitegemea. Lakini Baba, kadi thelathini na moja si wateja thelathini na moja. Ofisini kwetu tunakwenda mikutano kama hiyo kila mara, na nimejifunza jambo moja kwa aibu yangu mwenyewe: kazi haifanyiki pale ukumbini, inaanza ukishatoka. Ndani ya siku mbili tatu mwandikie kila uliyeongea naye mistari miwili. Mkumbushe mlizungumza nini. Umwombe uende kumwona kazini kwake. Usimsifie mtu kazi yako, muulize ya kwake.

Na zile kadi mia mbili nilizokuchapishia, umetoa ngapi?

Kuhusu yule mama wa mikate, sijui niseme nini. Hata kama ulikuwa sahihi, Baba, mbele za watu? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na wewe siku hizi unajisifia mwenyewe bila kumsubiri msifiaji.

Chumba cha nyuma tumekipaka rangi. Dirisha linafunguka vizuri sasa. Sisemi utashindwa. Nasema tu dirisha linafunguka.

Mizani ya mama ipo. Vitunguu pia vipo, juu yake. Nisamehe.

Wako,
Ratili


Karakanani, 18 Juni

Ratili,

Marahaba. Dirisha lako lifunguke, lifungike, mimi silijui.

Umeniuliza kadi nimetoa ngapi. Nimetoa moja. Ukae chini nikueleze, maana umesoma sana mpaka umesahau ulikolelewa.

Umekua ukiviona vibati vyangu ukutani. Mtu akileta mizani, navunja kibati vipande viwili. Kipande kimoja nakifunga kwenye mizani, cha pili anaondoka nacho mwenye mali. Siku akirudi tunavikutanisha, vikioana anachukua chake. Miaka hamsini sijawahi kumpa mtu kibati ambaye hajaniachia mizani. Huo ungekuwa utapeli! Nitampaje mtu kadi yangu, aniletee mkononi nimpe nini? Yule mama wa mikate tu ndiye niliyempa, kwa sababu mizani yake inaumwa na lazima ataileta.

Na hao thelathini na moja walionipa zao, wenyewe wamejifunga. Mtu hakuachii kibati chake kisha asirudi. Nimepiga misumari thelathini na moja ukutani, juu ya benchi, kila kadi nimeitundika na msumari wake. Nimefagia. Nimeongeza kiti cha pili cha kungojea, na kingine nimekiazima kwa muuza magazeti. Natoka kula mchana kwa zamu na mlango, mguu mmoja ndani.

Leo ni siku ya kumi na saba. Hawajafika bado. Wana shughuli.

Unaniambia niwaandikie. Mwanangu, fundi hamfuati mtu. Fundi akianza kumfuata mtu, watu husema kazi yake imekwisha. Mwenye mali huja mwenyewe. Na kuna jambo jingine ulijue: fundi mwenye mizani ya mtu rafuni hafungi karakana, hata akiugua, mpaka mwenyewe aje. Kwa hiyo subiri tu uone rafu zikijaa.

Kiti cha muuza magazeti kinayumba. Nimekitengeneza bure.

Babako


Tanuri la Mikate, 21 Juni

Kwa Fundi Mizani,

Salaam. Anwani yako nimeitoa kwenye kadi uliyonipa siku uliponiambia mizani yangu inaumwa.

Mzee wangu, mimi si mtu wa maneno mengi, naamka mapema mno. Lakini ulilosema lilisikiwa na watu wawili niwataje: mwenye mgahawa wa pembeni ya benki, na mama mlezi wa bweni la wanafunzi. Huyu wa mgahawa sasa anapima mkate mmoja mmoja mbele ya dereva wangu, akitabasamu. Mama mlezi amepunguza mikate themanini kwa wiki. Wafanyakazi wangu ni watatu. Mmoja nimemwambia akae nyumbani kwanza.

Siji kukugombeza. Kama mizani yangu inasema uongo, nataka kujua mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Basi njoo na mawe yako unayoyaamini. Uipime hapa kwangu, mchana, wafanyakazi wakiona. Ikiwa mizani yangu ndiyo mbovu, nitasimama mkutanoni niseme, na utakuwa fundi wangu mpaka nizeeke. Ikiwa mkono wako ndio mbovu, utasimama wewe.

Chai ipo. Mkate pia upo, nusu kilo, ndivyo ninavyoamini.

Mama wa Mikate


27 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nilicheka sana kwa ajili ya misumari, kisha nikaiweka barua mezani, kwa sababu nilikuona umekaa na viti vitatu vitupu.

Kadi si kibati, Baba. Naomba niliseme hili pole pole. Anayekupa kadi hajajifunga kwa lolote. Anakuambia tu, "ukinihitaji, nipo." Watu hutoa kadi hamsini kwa asubuhi moja, na jioni hawakumbuki hata nyuso tatu. Hawaji, Baba. Si kwa sababu kazi yako imekwisha. Hawaji kwa sababu kila mmoja wao naye amekaa kwake anasubiri afuatwe.

Kosa ni langu, sikukueleza. Nilidhani kila mtu anajua.

Mkutano ujao usisimulie habari ya stesheni. Tafuta watu watano tu, si thelathini. Kila mmoja muulize swali moja la kazi yake, halafu ufunge mdomo mpaka amalize. Najua ninachokuomba. Mama alikuomba hilo hilo miaka thelathini na minane.

Na kama kuna uliyemkosea, anza na huyo.

Ratili wako


Karakanani, 4 Julai

Ratili,

Marahaba. Nimeisoma. Misumari nimeing'oa, ilikuwa inaharibu ukuta.

Mimi sijambo, biashara haijambo. Yule mama wa mikate ameniandikia mwenyewe. Umeona? Ameniita niende kwake na mawe yangu ya shaba, mbele ya wafanyakazi wake, nimwonyeshe mizani yake ilivyo. Nitakwenda nikipata nafasi, kazi ni nyingi.

Mkutano wa Jumamosi hii huenda nisiende. Goti.

Babako


10 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima umepita. Nimempigia muuza magazeti, anasema upo, unakula, ila umebandika karatasi mlangoni "NIMETOKA" na kila siku ni hiyo hiyo. Umetoka unakwenda wapi?

Sitakulaumu kwa lolote. Andika hata mstari mmoja.

Ratili


Karakanani, 19 Agosti

Mwanangu Ratili,

Marahaba, marahaba. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimewashia jiko.

Nilikwambia mama wa mikate ameniita nikamwonyeshe. Barua yake naiambatanisha hapa, isome kwanza, kisha urudi kwenye hii.

Umesoma? Basi.

Nilikaa nayo siku kumi na tisa mfukoni. Si kwa sababu ya goti. Mtu mwenye hakika haogopi kwenda, na mimi nilikuwa naogopa, nikajiuliza naogopa nini. Siku ya ishirini nikafunga mawe yangu ya shaba kwenye kitambaa, nikaenda.

Kwake ni chumba kirefu, tanuri mwisho, meza mbili za bati, sakafu imefagiliwa ila unga umekaa juu ya kila kitu, mpaka kope za watu. Mizani yake iko dirishani. Nikaiangalia kwa dharau, nikaweka jiwe langu la nusu kilo. Ratili, mshale ulisimama katikati kama askari wa zamu. Nikaweka la kilo. Katikati. Nikasema meza imeinama. Akaniletea pima maji. Meza haikuinama.

Yule mama alinipangia mikate mitano. Nikanyanyua mmoja mmoja kwa mkono huu, nikataja uzito, naye akapima. Mitatu nilikosea. Mmoja nilikosea kwa gramu arobaini. Wafanyakazi wake wawili walikuwa wanaangalia sakafu, kwa adabu, na heri wangecheka.

Nikanyamaza. Ulikuwa umeniagiza ninyamaze, lakini usijisifu, sikunyamaza kwa kukutii. Sikuwa na la kusema. Akanisogezea kibago nikalie, akanipa chai. Na kwa kuwa mtu hawezi kunywa chai ya mtu aliyemharibia kazi bila kusema chochote, nikauliza tu, "Na kingine unapima nini humu ndani?"

Mwanangu, yule mama aliongea saa nzima. Miaka hamsini nimetengeneza mizani sijawahi kumuuliza mtu anapimia nini. Naona mshale, naona kitanga, namtazama mtu usoni siku ya kuchukua tu. Kumbe unga anapima vizuri, ila hamira anapima kwa kijiko, na kila mfanyakazi ana kijiko chake alichozaliwa nacho. Ndiyo maana mikate yake ya Jumatatu inavimba kama chura na ya Alhamisi inalala. Alidhani ni moto wa tanuri. Amebadilisha tanuri mara mbili!

Nikarudi karakanani. Kule juu rafuni, nyuma ya kopo la grisi, nina mizani ndogo ya sonara, vitanga vyake kama vifuniko vya soda. Nikaisafisha, nikaipa uzi mpya, nikamkatia mawe madogo ya shaba kwa tupa, kila moja sawa na hamira ya donge moja la unga. Siku sita. Na kwake tanurini ndiko nilikokuwa ninakwenda kila siku, kumwona anavyokanda na kumfundisha. Mkate wa Alhamisi umeamka.

Lakini deni la maneno lilikuwa bado. Jumamosi ya kwanza ya Agosti nikapanda zile ngazi. Nikamwomba mwenye mkutano dakika moja, naye akashtuka, nadhani aliogopa stesheni. Nikasimama nikasema: "Mwezi wa sita nilisema mbele yenu kwamba mkate wa mama huyu umepungua. Mkate ulikuwa sawa. Kilichopungua ni mkono wangu." Nikakaa. Maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema kwa kusimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mlezi wa bweni alichukua mkate akaushika tu, akamwangalia mama wa mikate, akaitikia kwa kichwa. Kisha jamaa mmoja mchanganya rangi, wa duka la rangi, akaja akakaa karibu yangu. Akasema, "Mzee, mafundi wote huniambia mizani yangu ndiyo mbovu. Wewe ni wa kwanza ninayemsikia akisema yeye ndiye mbovu. Njoo uione yangu." Nikamuuliza anapima nini. Na sikumkata.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi nimekubali, na usinikumbushe tena.

Babako


Tanuri la Mikate, 6 Septemba

Fundi,

Salaam. Yule mfanyakazi amerudi kazini, mikate themanini ya bweni imerudi pia, na vijiko vitatu vimehamia kwenye sukari.

Nimemtajia habari zako mwenye stoo ya nafaka na yule kijana wa ofisi ya vifurushi. Nimewaambia: mzee huyu ataanza kwa kukaa kimya, msiogope, anafikiri. Wamecheka. Wanakungoja, lakini usiwangoje wao, uende. Nenda kesho.

Mama wa Mikate


Karakanani, 26 Septemba

Ratili,

Marahaba.

Nilikwenda kesho yake kweli. Kadi zako natembea nazo sasa, nimetoa hamsini na tatu, na sioni haya tena kumpa mtu ambaye hajaniachia kitu. Zile ninazopewa, kwa kuwa kusoma kunanichelewesha, nyuma yake nachora anachopima mwenyewe. Mkate. Ndoo ya rangi. Gunia. Kifurushi. Nikiona mchoro namkumbuka mtu na sauti yake, na siku ya tatu nipo mlangoni kwake. Haba na haba hujaza kibaba.

Wa kudumu ninao wanne. Mama wa mikate, mchanganya rangi, mwenye stoo, na kijana wa vifurushi. Wanne.

Wa tano alikuwa mwenye mgahawa. Alikuja mwenyewe, ndiyo, hapa hapa, na mizani yake ya nyama chini ya kwapa. Alisema atakuwa mteja wa kudumu, hata mbele ya mwenye jengo atasema, ila mshale niulaze kidogo upande wake. "Kidogo tu, mzee, nani ataona?" Mizani ilikuwa juu ya benchi langu. Tarehe ilikuwa ishirini na nne. Nilimtazama, nikaitazama. Nikamwambia, "Bwana, mimi mwenyewe nilipopungua nilisema mbele za watu. Yako nitaificha kwa sababu gani?" Akaichukua akaondoka. Hakuaga.

Kwa hiyo ni wanne, na makubaliano yalikuwa watano. Ningeweza kukuandikia watano, usingejua. Lakini mizani haisemi uongo, na mimi nimeishi nayo sana.

Nimeanza kufunga vyombo. Tupa nimezipaka mafuta, nimezifunga kwenye gazeti. Wale wanne nitawatafutia fundi mwingine wa kuwaangalia, nimeshaanza kuuliza. Rafu ziko tupu, hakuna mali ya mtu humu, kwa hiyo hakuna kinachonizuia. Nitakuja tarehe mbili au tatu. Kile chumba, kitanda kiwe upande wa dirisha. Kama linafunguka kweli.

Babako


30 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Barua yako ilifika asubuhi. Sikwenda kazini.

Nilitoa vitunguu. Nikaisugua kwa majivu na limao kama ulivyonifundisha, shaba ikatoka, na pale kwenye kitanga nikaona ule mkwaruzo mama aliosema niliufanya mimi kwa bangili. Mshale umekwama kweli. Ukiweka kilo unasema robo. Ukiweka kitu kidogo, hausemi kitu kabisa.

Naituma kwa mtu wa vifurushi wa basi, nimeifunga kwenye blanketi. Ukipokea kifurushi hiki uwe umepokea mizani ya mteja. Mteja wako wa tano. Utakuwa unaikagua kila miezi mitatu, kama makubaliano yanavyosema, nami mwenyewe ndiye nitakayeileta na kuichukua, kwa basi, na wajukuu. Tangu mama afariki nimekuja kwako mara mbili. Nimehesabu leo, nikaona haya. Nilikuwa nakupakia rangi chumba ili nisiwe na haja ya kusafiri.

Mwenye jengo nimempigia. Sahihi nimetia, imekwenda na basi lile lile.

Sasa rafu yako ina mali ya mtu, na fundi mwenye mizani ya mtu rafuni hafungi karakana. Hayo ni maneno yako, nimeyaweka.

Naomba kibati changu.

Ratili


Karakanani, 5 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Imefika salama, haina hata alama mpya. Tupa nimezifungua tena, gazeti nimemrudishia muuza magazeti, anasema lilikuwa la mwaka juzi.

Nimeiangalia. Ni springi na kutu, kazi ya siku moja. Kwa mtu mwingine ningesema wiki. Kwako nasema mpaka Januari, maana mteja wa kudumu hasukumwi.

Juu yake sikutia jiwe. Niliweka kiganja changu tu, kidogo, nikasikiliza. Kuna uzito fulani mkono huu haukosei, ratili tano na nusu, lakini hilo sitasimama mkutanoni kulisema.

Kibati chako kimo ndani ya bahasha. Nusu ya pili nimeifunga kwenye mkono wa mizani, kwa waya. Usikitume na mtu, usikitume na basi.

Mwenye mali huja mwenyewe.

Babako,
Fundi Mizani